Akiba yako ikiwa "njiani", huwa imekwama wapi?

Jirani yangu mmoja wa Magomeni, fundi seremala, aliweka fedha kidogo kidogo kwa muda wa miaka saba ili ampeleke mama yake Hijja. Alifungua akaunti ya akiba katika benki moja ya hapa jijini, na kadi ya ATM aliikataa kwa makusudi. "Nikiwa na kadi," alikuwa akisema, "fedha hizi zitaliwa na mbao." Zilipotimia akaziacha hapo hapo kwa zaidi ya mwaka, akisubiri taasisi inayosafirisha mahujaji itangaze gharama za msimu na tarehe ya mwisho ya kulipa.

Tarehe ikatangazwa, ikawa Ijumaa. Jumatano asubuhi akaenda benki. Akaambiwa akaunti yake imelala kwa kuwa haijaguswa muda mrefu, na kwamba alete kitambulisho, picha na barua ya serikali ya mtaa ili ifunguliwe. Alhamisi akarudi navyo, akajaza fomu ya kuhamisha fedha, na ilipofika saa tisa alasiri fomu ikagongwa muhuri. Ijumaa mchana fedha zilikuwa zimekwisha kukatwa kwake, lakini kwa taasisi hazikuonekana. Akapiga simu benki. "Ziko njiani," akajibiwa. Jumatatu akajibiwa vile vile. Jumanne fedha zikarudi kwenye akaunti yake, zimepungua tozo ya muamala, kwa sababu jina la taasisi aliloandika kwenye fomu silo jina lililosajiliwa kwenye akaunti ya taasisi. Wakati huo nafasi ya mama ilikuwa imekwisha kwenda kwa mtu mwingine.

Bibi huyo, aliyepita miaka sabini, hakumlaumu mtu. Aliuliza swali moja tu: "Siku zote hizo tano, fedha zilikuwa wapi?"

Nimeona swali lake linastahili jibu, maana wengi wetu tunaoishi mijini tunalo swali hilo hilo na tumezoea kulimeza. Tunaambiwa "mfumo", tunaambiwa "mtandao", tunaambiwa "njiani", tunarudi nyumbani. Wapo wanaoamini kwamba benki imekula fedha zao. Wapo wanaoamini kwamba fedha hupanda gari na kusafiri kutoka tawi moja hadi jingine. Yote mawili siyo, na mtu asiyejua mambo yanavyokwenda hawezi kujua amuulize nani.

Fedha hazisafiri

Tuanze na hilo la gari. Fedha zilizoko benki, ukiacha noti za kaunta na za mashine, ni maandishi kwenye daftari. Ukimlipa mtu mwenye akaunti katika benki hiyo hiyo yako, benki hupunguza kwako na kuongeza kwake, na kazi imekwisha. Hapo hakuna sababu ya kusubiri hata nusu saa, na ukiambiwa subiri una haki ya kuuliza unasubiri nini.

Mambo hubadilika mlipwaji anapokuwa na benki nyingine. Benki yako haina mamlaka ya kuandika kwenye daftari la benki ya pili. Zote mbili zina akaunti zao kwenye Benki Kuu, na huko ndiko hulipana. Hapa Tanzania, tangu Aprili 2004, Benki Kuu inaendesha mfumo uitwao TISS, ambao hupokea kila malipo peke yake na kuyamaliza pale pale: akaunti ya benki yako huko Benki Kuu inapungua, ya benki ya pili inaongezeka, na ikishafanyika hivyo hairudi nyuma. Ni mfumo uliokusudiwa malipo makubwa na ya haraka, ndiyo maana tozo yake ni kubwa kidogo.

Iko njia ya pili, ya bei nafuu, ambayo malipo hukusanywa kwa mafungu. Chukua mfano wa wafanyabiashara wawili wa Kariakoo, mmoja wa vitambaa na mmoja wa vyombo. Mchana kutwa watu wao wanakopeshana mali. Jioni wanakaa na daftari: huyu anadaiwa milioni 80, yule anadaiwa milioni 77. Hawahesabiani milioni 157. Mmoja anatoa milioni 3, wanaagana. Benki nazo hufanya hivyo kwa hundi na kwa malipo ya mafungu, na faida yake ni kwamba fedha chache zinamaliza kazi ya fedha nyingi. Hasara yake ni kwamba wewe uliyeleta fomu asubuhi unasubiri fungu lifungwe, na ukichelewa fungu hilo unangoja linalofuata. Ikiwa linalofuata ni Jumatatu, basi ni Jumatatu.

Tusidhani kwamba haya ni matatizo ya nchi maskini tu. Uingereza, pamoja na utajiri wake wote, mtu wa kawaida aliyehamisha fedha kutoka benki moja kwenda nyingine alisubiri siku tatu za kazi, mpaka ulipoanza mfumo wao wa malipo ya haraka tarehe 27 Mei 2008. Marekani, Benki Kuu yao ilifungua mfumo wake wa malipo ya papo kwa papo Julai 2023. Kenya benki zilianzisha PesaLink mwaka 2017. Sisi nasi tunao mfumo wa TIPS wa Benki Kuu, unaounganisha benki na kampuni za simu na kufanya kazi usiku na mchana, ukihudumia zaidi malipo madogo madogo. Kwa hiyo siku hizi mtu anapoambiwa kwamba laki mbili zake ziko njiani kwa siku tatu, tatizo si kukosekana kwa teknolojia. Ziko mahali fulani, mbele ya mtu fulani, zinasubiri jambo fulani.

Saa ya kufunga ndiyo jambo la kwanza kuuliza. Kila benki ina saa yake ya ndani ambayo ikipita, maagizo ya malipo huingia kwenye hesabu ya kesho, hata kama mlango wa tawi bado uko wazi na keshia bado anatabasamu. Fomu ya jirani yangu ilipigwa muhuri saa tisa alasiri. Muhuri ulikuwa wa Alhamisi, lakini agizo lilikwenda Ijumaa. Hakuna aliyemwambia, naye hakuuliza.

Akaunti ya akiba si mkoba

Jambo la pili ni akaunti yenyewe. Wazee wetu waliokuwa na kitabu cha akiba cha Posta wanajua kwamba akiba haikuwa kitu cha kuchukua ukipita. Mtindo huo ulitoka Uingereza, ambako benki ya akiba ya Posta ilianza mwaka 1861: mwekaji alipotaka fedha zake alijaza ilani, ikapelekwa makao makuu London, kisha akarudishiwa kwa barua hati ya kwenda nayo posta kuchukulia fedha. Kusubiri kulikuwa sehemu ya mkataba. Kulimzuia mtu asile akiba yake kwa hasira ya siku moja, na kuliipa benki nafasi ya kuzitumia fedha hizo kwa mambo ya muda mrefu.

Roho hiyo haijafa. Marekani, kwa miaka mingi, kanuni ya Benki Kuu yao haikuruhusu mwenye akaunti ya akiba kufanya zaidi ya miamala sita kwa mwezi ya kuhamisha fedha kwa simu, kwa intaneti au kwa maagizo ya kudumu. Iliondolewa Aprili 2020, wakati wa maradhi ya korona, watu walipohitaji akiba zao kwa wingi. Hata hivyo benki za huko bado zinayo haki, kwenye mikataba yao, ya kumtaka mwenye akiba atoe ilani ya siku saba kabla ya kuchukua. Ni mara chache sana wanaitumia, lakini imeandikwa.

Hapa kwetu mikataba inatofautiana: kuna kiwango cha chini kisichoguswa, kuna kikomo cha kutoa kwa siku kwenye simu, kuna idadi ya kutoa bila makato, na kuna akaunti za muda maalumu ambazo ukizivunja kabla ya wakati unakosa ulichoahidiwa. Na ndugu zangu mliohamia kwenye huduma zisizo za riba, hasa tangu Amana Bank ilipofunguliwa mwaka 2011, msidhani kwamba mmeepukana na jambo hili. Akaunti ya mudharaba ni fedha zilizoingizwa kwenye biashara. Mwenye kuweka kwa mwaka mmoja akazitaka mwezi wa nne huenda akatakiwa kutoa ilani, na mgao wa faida hawezi kuudai kama aliyevumilia mpaka mwisho. Hiyo si dhulma, ni sharti, mradi uliambiwa siku ya kutia saini.

Kulala kwa akaunti ndiko kunakowakamata zaidi watu wa aina ya jirani yangu, yaani watu waaminifu kwa akiba zao. Benki huhesabu akaunti isiyoguswa kwa muda fulani kuwa imelala, na huifunga isitoe fedha mpaka mwenyewe ajitokeze na vitambulisho. Sababu yake ni nzuri: akaunti iliyosahauliwa ndiyo mali rahisi kuibwa, na mwizi wake mara nyingi ni mtu wa ndani. Lakini anayeweka kwa ajili ya Hijja, au ada ya chuo ya mtoto, au kujenga, kwa kawaida haigusi. Basi aiguse. Aweke hata shilingi elfu tano kila baada ya miezi michache, na aulize kama kuweka kunatosha kuiweka hai au ni lazima pia atoe, maana benki hazifanani.

Majina yetu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu jambo hili linatuhusu Waislamu kuliko wengine.

Jina la Mtume (s.a.w.) pekee, kwenye vitambulisho vya watu wa mtaa mmoja, utalikuta limeandikwa Mohamed, Mohammed, Muhammad, Mohamedi na Muhamad. Salim ni Salum kwenye cheti cha shule. Abubakar ana herufi moja au mbili kutegemea karani alivyosikia. Mwanamke kaandikwa kwa jina la baba kwenye kitambulisho cha taifa, kwa jina la mume kwenye akaunti, na kwenye pasipoti yamewekwa yote. Kwetu hayo ni mtu mmoja. Kwa kompyuta ya benki ni watu watatu. Benki ya mlipwaji ikiona jina haliafikiani na namba ya akaunti, ina hiari ya kuuliza au kurudisha, na nyingi huona kurudisha ndiko salama. Safari ya kurudi nayo ina fungu lake na saa yake ya kufunga.

Taasisi zetu nazo zina kosa. Tunaziita kwa majina mafupi, msikiti fulani, madrasa fulani, jumuiya fulani, lakini akaunti zimefunguliwa kwa jina refu la Wadhamini Waliosajiliwa. Kwenye tangazo la michango au la safari tunaandika jina fupi na namba ya akaunti, tukidhani tumemaliza. Kilichomkosesha yule bibi nafasi yake ni tangazo la namna hiyo. Ombi langu kwa makatibu wa taasisi ni dogo: andikeni jina kama lilivyo kwenye karatasi ya benki, herufi kwa herufi, hata kama linachukua mistari miwili.

Kisha kuna orodha. Tangu azimio namba 1267 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa la mwaka 1999, na zaidi baada ya Septemba 2001, benki ulimwenguni hupitisha majina ya walipaji na walipwaji kwenye orodha za watu waliozuiliwa mali zao. Orodha hizo zimejaa majina ya Kiislamu, na majina yetu ni machache yanayojirudia. Kompyuta haijui kwamba huyu ni muuza viatu wa Tandika. Inaona majina mawili kati ya matatu yamefanana, inasimamisha, na malipo yanasubiri mtu ayatazame kwa macho. Akiwa na kazi nyingi, yatasubiri. Novemba 2001 Marekani iliufunga mtandao wa Al-Barakaat, uliokuwa ukipeleka fedha za Wasomali wa ughaibuni kwa jamaa zao, na familia ambazo hazikuwa na kesi yoyote zikabaki bila posho. Ilipofika Septemba 2008 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua, katika kesi ya Kadi na Al Barakaat, kwamba aliyezuiliwa mali yake alikuwa na haki ya kuelezwa sababu na kusikilizwa.

Sisemi kwamba kila malipo yanayochelewa yana njama nyuma yake. Mengi ni uzembe wa kawaida tu. Nasema kwamba mtu mwenye jina la kawaida la Kiislamu, anayepeleka fedha nje, afanye mambo mawili ya kujilinda: aandike majina yote matatu kama yalivyo kwenye pasipoti, na aeleze kusudi la malipo kwa maneno kamili. "Ada ya muhula wa kwanza" inapita haraka kuliko "msaada". Akiulizwa fedha zimetoka wapi, asione ametukanwa. Sheria yetu ya kuzuia utakatishaji wa fedha haramu, ya mwaka 2006, inailazimisha benki kumjua mteja wake. Risiti ya kuuza kiwanja au barua ya kiinua mgongo ikiwa mkononi, mazungumzo hayo huwa mafupi.

Ijumaa, Jumamosi na Jumapili

Wanaolipa kwenda Saudia wana hesabu nyingine. Tanzania benki hupumzika Jumapili, na Jumamosi hufanya kazi nusu. Saudia, tangu Juni 2013, mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi. Na malipo ya dola, hata kama anayelipa yuko Dar es Salaam na anayelipwa yuko Jeddah, hupita kwenye benki za New York, ambazo hupumzika Jumamosi na Jumapili. Hesabu mwenyewe: siku ambazo milango yote mitatu iko wazi ni Jumatatu hadi Alhamisi. Tena Alhamisi hiyo ina mtego wake, kwa sababu inapotimia saa kumi jioni hapa Dar, New York ni saa tatu asubuhi wakati wa kiangazi chao, au saa mbili wakati wa baridi yao. Wakimaliza kazi yao sisi tumelala, na Jeddah, ambao saa zao ni sawa na zetu, wameingia kwenye Ijumaa. Fedha iliyotoka Alhamisi alasiri ikionekana Jumapili, imekwenda vizuri.

Mlipaji mmoja mmoja halioni hili, analiona kiongozi wa kundi la mahujaji. Mwaka 2025 makumi ya maelfu ya Waislamu wa Pakistan waliokuwa wamelipia safari kwa kampuni binafsi hawakwenda Hijja, kwa kuwa malipo ya kampuni hizo upande wa Saudia hayakukamilika ndani ya muda uliowekwa. Serikali na kampuni zikatupiana lawama. Wenye fedha zao walikuwa wamelipa, wengine kwa akiba ya umri mzima.

Na kwa jambo dogo kuliko hilo: anayetuma zakatul-fitri kijijini kwa njia ya benki mwezi 29 Ramadhani, akumbuke kwamba kesho yake huenda ikawa Idd na benki zimefungwa, wakati zaka hiyo inatakiwa imfikie mwenye haki kabla ya swala.

Zimekatwa, hazijafika

Malalamiko makubwa ya siku hizi ni ya simu. Unahamisha kutoka akaunti ya akiba kwenda kwenye namba ya simu, ujumbe wa benki unasema zimekatwa, upande wa simu kimya. Hapa mifumo miwili ya kampuni mbili inazungumza, na mazungumzo yamekatika katikati. Benki imeandika "nimetoa", kampuni ya simu haijaandika "nimepokea". Kwa kawaida watalinganisha daftari zao baadaye, aghalabu siku inayofuata, na fedha zitarudi au zitafika. Kosa kubwa la mteja ni kurudia muamala papo hapo kwa hasira. Ya kwanza ikija kufika, amelipa mara mbili, na kumwomba mlipwaji arudishe ni safari nyingine. Nakili namba ya kumbukumbu iliyoko kwenye ujumbe, piga simu benki kwanza kwa sababu wao ndio waliokata, subiri.

Lipo kuchelewa kwa aina nyingine, ambako si kwa mfumo wala kwa jina. Benki yenyewe haina fedha. Tarehe 2 Agosti 2018 Benki Kuu iliiweka Bank M chini ya usimamizi wake kwa sababu ya upungufu wa ukwasi, na wateja wakasimamishiwa huduma. Januari 2019 mali na madeni yake yalihamishiwa Azania Bank. Walioweka walisubiri miezi. Mapema mwaka huo huo wa 2018, mwezi Januari, benki tano ndogo zilikuwa zimefutiwa leseni kwa siku moja. Wakati huo bima ya amana ilimhakikishia kila mwekaji kiasi kisichozidi Sh. 1,500,000. Baadaye kiwango kilipandishwa kuwa Sh. 7,500,000, na kinachozidi hapo hungoja ufilisi. Dalili ya kuchelewa kwa namna hii ni kwamba hakumhusu mteja mmoja. Kaunta inawapunguzia watu wote kiasi cha kutoa, malipo ya kila mtu kwenda benki nyingine yanasuasua, na sababu hubadilika kila siku. Ukiona hivyo usieneze uvumi mtaani, maana uvumi peke yake unaweza kuiangusha benki iliyo nzima. Lakini usiongeze fedha humo, na barua yako kwa meneja wa tawi iandike siku hiyo hiyo.

Nani mdai, nani mdaiwa?

Wanazuoni wengi wa zama hizi huihesabu fedha iliyowekwa kwenye akaunti ya kawaida ya benki kuwa ni deni: benki huitumia itakavyo na hubaki na wajibu wa kuirudisha yote. Kwa hesabu hiyo wewe unayesimama kwenye foleni ndiwe mdai, na jengo lile lenye vioo ndilo mdaiwa. Mtume (s.a.w.) alihesabu kuchelewesha kwa mwenye uwezo wa kulipa kuwa ni dhulma, na aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, iliyomo kwenye Sura al-Baqara, inahusu kuandika madeni. Benki iliyopokea agizo kabla ya saa ya kufunga, ikalikalia siku mbili kwa kuwa karani hayupo, imetumia fedha za watu siku mbili bila idhini. Kwa laki moja ya mtu mmoja si kitu. Zikusanywe laki za wateja elfu, siku mbili mbili, zinakuwa mtaji.

Mdai mwenye busara haanzi kwa kelele. Anaanza kwa karatasi. Wiki mbili kabla ya tarehe ya malipo makubwa, aende tawini aulize kama akaunti iko hai, kikomo cha siku ni kiasi gani, saa ya kufunga ni ngapi, na tozo ni kiasi gani kwa TISS na kwa njia ya mafungu. Apeleke kwanza kiasi kidogo, tuseme Sh. 10,000, kwenye akaunti ile ile atakayoilipa, amuulize mlipwaji kama imeonekana na imeonekana kwa jina gani. Kisha apeleke zilizobaki, na asiondoke kaunta bila nakala ya fomu yenye muhuri, saa na namba ya kumbukumbu. Akiambiwa "ziko njiani", aulize: zimekwisha kutoka benki yenu au bado? Hilo ni swali la ndiyo au hapana, na mtu wa benki anaweza kulijibu kwa kutazama kompyuta yake. Zikiwa zimetoka, aombe uthibitisho wa malipo ampelekee mlipwaji, naye abane benki yake. Zikiwa hazijatoka, amejua ambane nani.

Benki isipojibu malalamiko ya maandishi, Benki Kuu inalo dawati la malalamiko ya wateja, na Kanuni za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019 zinazitaka benki ziwe na utaratibu wa kupokea na kushughulikia malalamiko. Sharti ni kwamba uwe umeanza na benki yako mwenyewe na una ushahidi wa hilo. Ndipo ile nakala yenye muhuri inapokuwa na thamani.

Jirani yangu aliandika barua yake kwa mkono, ukurasa mmoja, akaambatanisha nakala ya fomu. Baada ya muda benki ilimrudishia tozo ya muamala na kukiri kwa maandishi kwamba agizo la Alhamisi halikutoka mpaka Ijumaa, na kwamba hakuarifiwa. Kuhusu jina la taasisi walisema kosa lilikuwa kwenye tangazo, na walisema kweli. Msimu uliofuata hakusubiri tarehe ya mwisho. Alilipa siku ya pili ya kuandikisha, Jumanne saa tatu asubuhi, na mama yake akaenda.